Mtoto anapokesha usiku na kusinzia mchana: melatonini na ugonjwa wa Smith-Magenis

Saa tisa usiku mtoto yuko macho, anafungua makabati na kugonga mlango. Saa sita mchana anasinzia chakula kikiwa mbele yake. Ukieleza, unaambiwa umemdekeza. Kama mtoto wako ana ugonjwa wa Smith-Magenis, fahamu kwamba chanzo si malezi yako.

Melatonini ni nini?
Ni homoni inayotengenezwa na tezi ndogo ndani ya ubongo. Kwa watu wengi huongezeka giza linapoingia na kupungua kunapokucha. Kazi yake ni kuujulisha mwili kwamba usiku umefika.

Kwa nini mtoto huyu hakeshi kwa kupenda?
Ugonjwa huu hutokana na kukosekana kwa kipande kidogo cha kromosomu ya 17, au hitilafu katika jeni ya RAI1 iliyo hapo. Hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 25,000, na mara nyingi haurithiwi kutoka kwa wazazi. Kwa wengi wao melatonini huenda kinyume: huwa nyingi mchana na kidogo usiku. Mwili wake unaambiwa ni usiku wakati jua linawaka.

Je, dawa ya melatonini inasaidia?
Huwasaidia baadhi ya watoto, lakini haiponyi ugonjwa. Saa ya kuitumia ni muhimu sawa na kipimo chake, kwa hiyo usianze bila daktari. Wakati mwingine daktari huongeza dawa ya asubuhi ya kundi la beta-bloka ili kupunguza melatonini ya mchana. Mweleze kama mtoto ana pumu, kwa sababu dawa hizo zinaweza kubana njia ya hewa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha tasimelteoni kwa matatizo ya usingizi ya usiku ya ugonjwa huu.

Unachoweza kufanya nyumbani
- Mtoe kwenye mwanga wa jua asubuhi. Jioni punguza taa, zima simu na televisheni.
- Mlaze na mwamshe saa zilezile kila siku.
- Chumba chake kiwe salama: ondoa dawa, viberiti na vitu vyenye ncha kali. Usimfungie kwa kufuli. Moto ukitokea hataweza kutoka.
- Andika kwa wiki mbili saa anazolala na kuamka, kisha mpelekee daktari.

Akikoroma sana, akipata choo kigumu au akishika masikio, apimwe. Baadhi ya watoto hawa hawaonyeshi maumivu kama wengine.

Na wewe je? Mlezi asiyelala huugua. Gawaneni zamu na baba, bibi au shangazi. Kuomba msaada ni sehemu ya kumtunza mtoto.