Ajuaye Kompyuta Hanywi Chai Yake

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hawakutwambia, hata hivyo, yule aulizwaye mara arubaini kwa siku moja afanye nini. Katika shule, maduka na ofisi za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hakosekani mtu ambaye hakuajiriwa kutengeneza kompyuta wala halipwi kwa kazi hiyo, na juu ya hayo haipiti siku bila ya kuitwa. Kosa lake ni moja tu: siku moja alionekana akiitoa karatasi iliyokwama ndani ya printa. Tangu hapo jina lake la kuzaliwa likasahauliwa, akawa ni "fundi".

Mmoja wao namjua vizuri. Ni mwalimu wa hesabu katika shule ndogo kando ya Jogoo Road, shule ambayo sitaitaja. Mimi nikija Nairobi hufikia kwa jamaa zangu Majengo, Pumwani, na jioni huyu bwana hupita tukaketi barazani, akanihadithia ya mchana.

Mengine ni ya kuchekesha. Mwalimu mzee humpelekea mtoto darasani: "Kijana wangu, njoo, mashini imekufa." Fundi huacha chaki akaenda mbio, akakuta waya haukuchomekwa. Mwengine hulalamika kuwa neno lake la siri limekataliwa, kumbe kitufe cha herufi kubwa kimebonyezwa. Wa tatu ameweka mitihani ya muhula mzima katika flashi aliyoichomeka kila saiba ya mtaani, kisha akastaajabu kuona imejaa virusi. Na wote, bila ya kuambizana, hutoa ushahidi ule ule: "Mimi sikugusa kitu."

Hayo mtu huyastahimili. Lakini msomaji asidhani kwamba mambo haya ni mchezo. Zamani kompyuta ilikuwa ni ya kuandikia barua, na asiyejua alimpa mpiga taipu. Siku hizi riziki ya mtu imo humo. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilifungua mtandao wa eCitizen, na kufikia Juni 2023 ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana humo. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu iliwataka walimu wawaandikishe wanafunzi katika mtandao wa NEMIS. Ritani za kodi nazo hujazwa kwenye iTax, na mwisho wake ni Juni 30. Atakayechelewa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000.

Basi ikifika wiki ya mwisho ya Juni, fundi wetu hana chai wala chakula cha mchana. Wenzake hupanga foleni mlangoni, na kila mmoja amesahau kitu: huyu neno la siri, yule barua pepe aliyojiandikisha nayo, na mwengine nambari ya simu aliyoitupa zamani. Mwaka mmoja bibi mmoja alimjia usiku wa mwisho, saa nne, mtandao umeelemewa na watu wa nchi nzima. Walijaribu mpaka saa sita ikapiga. Faini ilipokuja, bibi yule hakuulaumu mtandao wala nafsi yake. Alimlaumu fundi.

Na Julai 2023, wakati eCitizen iliposhambuliwa na wavamizi wa mitandao na huduma zikakwama, walimu watatu walimwendea na kumwuliza: "Umeifanya nini?"

Lakini linalomkosesha usingizi si hilo. Ni daftari. Kwa kuchoka kukumbushana, wenzake 14 walimwambia ayaandike maneno yao ya siri akae nayo. Yeye akayapokea kwa wema. Kwa daftari lile akajua nani ana mshahara gani, nani ana deni, na nani aomba uhamisho kwa siri. Sisi twajua uzito wa amana: aliyeipokea haulizwi tu kama ameiba, huulizwa pia kama ameilinda.

Siku moja mwalimu mmoja alikuta neno lake la siri limebadilishwa. Hakuna aliyetamka neno, ila macho yote yalimgeukia mwenye daftari. Kwa siku tatu salamu zake hazikuitikiwa. Siku ya nne ikajulikana kwamba ni mtoto wa mwalimu yule aliyelibadilisha kwa simu ya mamake. Walicheka, wakamwita fundi tena. Yeye hakucheka. Alilichana lile daftari, kila mtu akampa kipande chake, akasema: "Kuanzia leo, utaandika kwa mkono wako, mimi nitaketi kando."

Wengine walinuna, wakamwona ana kiburi. Mimi naona kwamba hapo ndipo alipoanza kuwa mwalimu. Sisi chuoni hatukuanza na Yasini. Tulianza na alifu, kidole juu ya juzuu, na aliyekosea alirudishwa nyuma. Hakuna mwalimu aliyemsomea mtoto hadi mwisho ili mtoto ahesabiwe kuwa amehitimu. Kompyuta watu wengi wametupwa katikati ya msahafu wake, hawajui alifu yake, na umri wawatia haya ya kuuliza.

Tena mashini yenyewe huwasemesha Kiingereza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, na kamusi zetu zina "tarakilishi" na "nywila". Lakini nenda Jogoo Road ukaulize nywila ni nini, utaulizwa kama ni maradhi. Neno lisilotumika halimsaidii mtu mbele ya mashini.

Nasaha yangu ni fupi. Ukiwa na fundi kazini kwako, kwanza mwache amalize chai. Kisha vuta kiti, shika kipanya kwa mkono wako, umwulize mara moja na uandike jawabu. Na neno lako la siri kaa nalo mwenyewe. Umpapo mwenzio huwi umemheshimu, umemtwika.