Nani Alimhesabia Mama Maneno?

Kitabu hiki nilikinunua kwa shilingi 300 kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi, katika kibanda cha vitabu vya mitumba. Ni Dust, riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyompa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2015. Tuzo sikuifikiria. Kilichonivuta ni nambari.

Zimeandikwa kwa penseli, ndogo kama punje za mchele, pembeni mwa kurasa. Nilidhani ni za mwanafunzi aliyekuwa akijiandalia mtihani. Nikapanda matatu, msongamano wa jioni ukanipa muda, nikazifuata. 1. 2. 3. Kila nambari imekaa ubavuni mwa mstari ambapo Akai, mama katika riwaya hii, anamsemesha bintiye, Ajany. Akimsemesha mumewe, hakuna alama. Akimtaja mwanawe wa kiume, hakuna alama. Mtu fulani aliketi na penseli akamhesabia mama huyu maneno anayompa binti yake. Kisha nambari zinakatika ghafla, kitabu hakijaisha, na Akai mwenyewe bado anasema.

Aliyeisoma riwaya hii anakumbuka inavyoanza. Ni wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007. Odidi, mhandisi aliyeishia kuongoza genge, anauawa kwa risasi za polisi jijini. Ajany, dada yake mchoraji, anarudi kutoka Brazil. Baba yao Nyipir, askari polisi wa zamani, anaurudisha mwili Wuoth Ogik, boma lao la kaskazini ambalo jina lake kwa Kijaluo ni mwisho wa safari. Akai analiona jeneza. Halafu anaondoka. Anashika njia ya jangwani, akimwacha mume, maiti, na binti aliyevuka bahari kuja kulia naye.

Kesho yake nilirudi kibandani. Mwenye kibanda ni mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, na vitabu vyake huvisoma kabla ya kuviuza.

"Hicho nimekiuza, kikarudi, nikakiuza tena," akasema. "Wanaokirudisha nikiwauliza, hawasemi habari ya Mboya wala ya yule mzungu aliyepotea. Wote husema, yule mama."

Wana nini na yule mama?

"Matanga unayajua, mwanangu. Mfiwa hukalishwa mkekani, wanawake wakamzunguka, uji ukaletwa. Hata akitaka kukimbia, atapita wapi? Sasa huyu mwandishi amemfungulia mlango akamwambia, nenda. Watu wanakasirika. Wengine wanakasirika kwa wivu."

Na binti, mama?

Akavua miwani. "Binti ndiye anayeninyima usingizi. Kafiwa na kaka, watu watampa pole. Lakini mama yako yu hai, anakutazama, na macho yake yanamtafuta aliyekwenda. Hiyo pole utaipokea kwa nani? Uji wa msiba huo nani atakupikia?"

Sikuwa na jibu, wala sina leo.

Wahakiki wengi wameisoma Dust kama kitabu cha taifa: Mau Mau, kuuawa kwa Tom Mboya mwaka 1969, damu ya uchaguzi, kimya kilichokuwa kama lugha rasmi. Yote yamo. Mimi naona hayo ni ua tu wa nyumba. Ndani wamo wanawake wawili wasiojua kuongea. Kabla ya Nyipir, Akai aliishi na Mwingereza, Hugh Bolton, akamzalia mapacha, wakamfia. Kwa hiyo Ajany alizaliwa katika nyumba ambayo msiba ulikuwa umemtangulia, na hakuna aliyemwambia. Isaiah Bolton anapokuja kumtafuta Hugh, baba yake aliyepotea, anakuja na mchoro uliochorwa na Hugh: mwanamke, Akai. Hapo ndipo nilipokifunga kitabu kwa muda. Binti anayeishi kwa kuchora ana mama ambaye mkono mwingine ulishamchora, ukamwona, kabla yeye hajazaliwa.

Si kitabu rahisi. Sentensi zake zimevunjwavunjwa, na kuna kurasa nilizorudia mara tatu, mojawapo kwa hasira.

Nikamwonyesha mama zile nambari. Alizigusa kwa kidole, moja moja.

"Msichana maskini," nikasema.

"Nani kakwambia ni msichana?"

Aliyekileta mara ya mwisho, akanieleza, alikuwa mwanamke wa makamo. Pesa hakutaka, aliomba abadilishiwe kwa kitabu cha mapishi. Hakusema jina. Inawezekana alikinunua vilevile, na nambari zake. Inawezekana pia kwamba ni mama aliyekuwa akijihesabia maneno yake mwenyewe, akafika mahali akachoka, au akaogopa jumla.

"Wewe mama, una binti?" nikamuuliza nilipokuwa nikiaga.

"Nina wateja," akajibu, akamgeukia mtu aliyekuwa akiulizia kamusi.

Kama penseli ile ilikuwa yako, kitabu ninacho. Sijafuta kitu.