Hotuba ya Mlalo na Karafuu Zetu

Ndugu wanachama, nilipokuwa ugenini Mlalo, katika milima ya Usambara, nilialikwa kusikiliza hotuba juu ya ufundi wa kuuza na njia ya kupata utajiri. Msemaji alikuwa fasaha: tabasamuni, jiaminini, na fedha zitakuja. Tukapiga makofi.

Ndipo mzee mmoja, mkulima wa kabichi, akasimama: "Bwana, kabichi yangu ikikaa juma moja inaoza, na mwenye lori anajua. Tabasamu langu litamzuia asinipunje?" Bwana yule hakuwa na jibu.

Swali hilo nimerudi nalo Pemba. Karafuu iliyokauka vyema haiozi, na bei yake hutangazwa kwa daraja. Hata hivyo wako kati yetu wanaoiuza ingali mtini kwa sababu ya deni, au huilundika mbichi hata ikaharibika.

Basi ufundi wetu wa kuuza uanzie jamvini: tuchambue makonyo upesi, tuanike mpaka ikauke kabisa, tuandike gharama za wachumaji, wala tusikope juu ya karafuu isiyochumwa. Mkulima wa Mlalo hana nafasi ya kungoja. Sisi tunayo, tusiiuze.