Rangi ya gari ya babu haimo kwenye boksi

Katika nyumba zetu nyingi, iwe Maskati, Dubai au London, iko picha moja ya nyeusi na nyeupe: babu kasimama na kanzu yake, mkono kauweka juu ya boneti, na gari yenyewe ni Morris, Volkswagen au Land Rover. Gari hiyo haipo tena. Iliuzwa, au ilioza uani, au iliachwa Unguja mwaka 1964 watu walipoondoka na nguo walizovaa. Sasa wako vijana, na watu wazima pia, wanaoirudisha mezani ikiwa na ukubwa wa kiganja, kwa boksi la vipande vya plastiki, gundi na rangi.

Hizi gari ndogo za kuunganisha si zile za kumnunulia mtoto akazisukuma sakafuni. Boksi moja linaweza kuwa na vipande zaidi ya 100: injini, viti, vioo, bampa, mpaka mkono wa gia. Kipimo kinachopendwa ni 1/24, yaani gari ya kweli imepunguzwa mara 24. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, yenye urefu wa mita 4 na kidogo, inatoka sentimita 17. Mini ya mwaka 1959, ambayo ya kweli ina mita 3 tu, haifiki hata sentimita 13. Majina ya kutafuta dukani ni Tamiya ya Japani, Revell, Airfix ya Uingereza na AMT ya Marekani. Revell huandika kwenye boksi daraja la ugumu, 1 mpaka 5, na anayeanza asione haya kuchukua la chini, zikiwemo zile za kubana tu bila ya gundi. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, kazi hii ifanyike juu ya meza yenye mlango wa kufungwa. Vipande vingine ni vidogo kama punje ya mchele.

Kuunganisha ni kufuata karatasi. Kinachowashinda wengi ni rangi, maana mchoro wa juu ya boksi unaonesha gari nyekundu inayong'ara, na ya babu haikuwa nyekundu.

Na rangi ndiyo iliyozianzisha gari hizi, wengi hawajui. Kule Marekani, kampuni ya AMT ilianza mwaka 1948 kwa kutengeneza gari ndogo za wauzaji wa magari. Zilitoka na rangi zile zile za kiwandani, ili mteja aishike mkononi na kuamua anataka ipi. Mwaka 1958 ndipo AMT ikaanza kuuza maboksi ya mtu kujiunganishia mwenyewe. Land Rover nayo ilipotoka, mwaka huo huo wa 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa baada ya vita, na gari za mwanzo zikapakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye akiba ya jeshi. Kwa hiyo babu akisema Land Rover yake ya zamani ilikuwa kijani, mwamini. Kazi ni kujua kijani kipi.

Njia wanayoitumia wazoefu ni ya vijiko. Nunua vijiko vya plastiki vyeupe, paka kila kimoja rangi tofauti kwa mgongo, viache vikauke, kisha mpelekee mzee avitazame kwenye mwanga wa mchana. Usimpelekee usiku chini ya taa, wala usimuoneshe kwenye simu.

Katika nyumba moja ya hapa Maskati kijana alivipanga vijiko sita kwenye sinia, pembeni ya halua na kahawa, mbele ya bibi yake na kaka wa bibi. Gari ilikuwa Morris ya baba yao. Kaka mtu akachukua kijiko cha buluu bila ya kufikiri. Bibi akasema, "Buluu gani, ilikuwa rangi ya maji ya bahari pale yanapokata, na wewe ulikuwa huna hata miaka mitano." Wakabishana mpaka adhuhuri. Katika ubishi huo yakatoka mambo ambayo kijana hajawahi kuyasikia: nani alimfunza babu kuendesha, safari za Bububu siku za Jumapili, na aliyekabidhiwa ufunguo siku waliyoondoka. Kijiko kilichoshinda kilikuwa baina ya buluu na kijani, na ikabidi achanganye upya.

Rangi ikishajulikana, inabaki hali ya hewa, na hapa wa Ghuba ana shida zake. Wakati wa joto, ukipulizia nje jua limeshapanda, rangi hukauka hewani kabla ya kufika kwenye plastiki, ukapata gari yenye ngozi ya mchanga. Kwenye pwani, unyevu ukizidi rangi inaota ukungu mweupe. Ngoja miezi ya baridi, pulizia asubuhi mapema mahali penye hewa, na vaa barakoa. Chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi hakifai kabisa kwa moshi ule. Wa London ana shida ya kinyume, kopo lake huwa la baridi mno, basi aliweke kidogo kwenye maji ya vuguvugu. Maji ya vuguvugu, si jiko. Na tafadhali, kopo la kupuliza usilisahau ndani ya gari mwezi wa Julai, linaweza kuripuka. Wala usitegemee jamaa akutumie kwa posta ya ndege, makopo hayo hayaruhusiwi.

Kabla ya yote, osha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, vina mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Piga kwanza rangi ya chini ya kijivu, kisha rangi yenyewe nyepesi nyepesi mara tatu au nne. Kila ukimaliza, ifunike gari kwa kopo kubwa la plastiki lililogeuzwa. Vumbi letu halina adabu. Vioo usivibandike kwa gundi kali ya haraka, vitaingia ukungu. Tumia gundi nyeupe ya skuli.

Lipo jengine la kuangalia kabla ya kulipa: usukani. Maboksi mengi yana usukani wa kushoto, sawa na gari za Oman leo. Gari ya babu ya Unguja au Mombasa ilikuwa na usukani wa kulia. Baadhi ya maboksi yana dashibodi mbili ukachague, mengine itabidi ukate na kuunga mwenyewe.

Mwisho kabisa inakuja namba ya gari, unaichapisha kwenye karatasi na kuikata kwa wembe. Kama mpiga picha aliikata namba isionekane, muulize bibi. Simu yake mwenyewe haikumbuki, lakini hiyo atakutajia.