MGUU HAUPO, LAKINI UNAUMA

Kama umekatwa mguu au mkono, pengine umewahi kusikia vidole ambavyo havipo vikiwasha, au unyayo uliokatwa zamani ukiwaka moto usiku. Pengine hukumwambia mtu. Unaogopa nyumbani watasema una wazimu, na majirani watasema umerogwa, au mguu ulizikwa vibaya na sisimizi wanaula. Haya tunayasikia tunapopita nyumba kwa nyumba.

Si wazimu wala si uchawi. Hali hii huwapata walio wengi kati ya waliokatwa kiungo, iwe ni kwa bomu la ardhini, risasi, panga, ajali au kisukari. Mwaka 1871 Silas Weir Mitchell, daktari Mmarekani aliyetibu majeruhi wa vita vya kwao, aliiita kiungo-mzimu. Mimi jina hilo silipendi, maana kwetu mzimu ni jambo lingine.

Inatokea hivi. Ubongo una ramani ya mwili wote. Mguu ukikatwa, ramani haikatwi. Ile sehemu ya ubongo iliyozoea kupata habari za mguu inaendelea kuzingoja, na neva zilizokatwa kwenye kigutu zinaendelea kutuma ishara, basi ubongo unadhani zinatoka vidoleni. Maumivu ni ya kweli kabisa.

Iko pia hali ya kinyume, ya nadra sana: mtu ana mguu mzima wenye afya, lakini tangu utotoni anauona si wake na anatamani usiwepo. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Huyo naye hajarogwa. Asijiumize, aongee na daktari.

Kwako wewe uliyekatwa, hatari ya kwanza ni kuanguka. Mzee mmoja wa bloku yetu aliamka usiku kwenda chooni, akakanyaga kwa mguu ambao haupo, akaangukia kigutu na kidonda kikafunguka upya. Weka magongo pale mkono unapofika ukiwa umelala, na ukae kwanza kitandani kabla ya kusimama.

Lakini si kila maumivu ni haya. Kigutu kikiwa chekundu, kikivimba, kikitoa usaha, au ukipata homa, njoo kituo cha afya siku hiyohiyo.

Panadol mara nyingi haisaidii sana. Daktari anaweza kukupa amitriptilini, dawa ya huzuni, au dawa mojawapo ya kifafa. Usishtuke! Hajasema una kifafa. Dawa hizo hutuliza neva. Usimeze za jirani.

Na kuna kioo. Katika miaka ya 1990, mtaalamu V. S. Ramachandran huko California aligundua kwamba ubongo unaweza kutulizwa kwa macho. Kaa, nyoosha miguu, simamisha kioo kirefu katikati, kigutu kibaki nyuma ya kioo. Tazama kioo: utaona kama miguu miwili. Sogeza taratibu mguu mzima, kunja na kunjua vidole, huku ukijaribu kufanya vilevile kwa ule usiokuwepo. Fanya dakika 15 kila siku, kwa wiki nne. Vua viatu, na funika kioo chochote chenye ncha kali.

Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya majaribio kwa wanajeshi waliokatwa mguu. Sita waliotumia kioo wote walipata nafuu. Kati ya sita waliopewa kioo kilichofunikwa, ni mmoja tu. Ni watu wachache, na si kila mtu atapona, ila kioo hakina gharama ya dawa. Wanajeshi wawili walishikwa na majonzi walipouona tena mguu wao. Kwa hiyo siku ya kwanza usifanye peke yako. Mwite mke, kaka au mmoja wetu akae karibu, na ukitaka kulia, pumzika, mtaendelea kesho yake.