Muto wa Lubumbashi na Matope Yake

Watu wengi hutaja Lubumbashi kila siku bila kukumbuka ya kuwa jina hilo ni la muto. Muji wetu ulianza mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville mpaka 1966. Muto ulikuwa na jina lake mbele ya hapo. Ni muto mudogo. Unaingia katika Kafubu, Kafubu unaingia katika Luapula, na Luapula unashuka ziwani Mweru, kisha Luvua, kisha Lualaba. Kinachotupwa hapa kwetu kina safari ndefu.

Matete ya mabondeni yanapunguza mwendo wa maji. Matope yanatua chini, na madini yanatua pamoja nayo. Mutu akikata matete apate shamba, anaamusha matope yale. Kambale wamo pia. Wengine husema: samaki wanaishi, basi maji ni safi. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu kambale anajua kuvuta hewa juu ya maji, na anaishi katika matope ambamo samaki wengine wangekufa.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, karibu na muto. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wake upande wa Penga Penga. Miti ilikufa huko, udongo ukabaki mutupu, na mvua ikauchukua mabondeni. Na mwezi wa Novemba 2025, maji ya bwawa la kiwanda kingine yalimwagika katika mitaa ya watu.

Hapa tunataka kusahihisha jambo moja linalosemwa hata na makatekista wetu: ya kuwa maji yakichemshwa hayana hatari tena. Moto unaua vijidudu vya magonjwa, na kwa hiyo kuchemsha ni lazima. Lakini shaba, risasi na kobalti si vitu vyenye uhai, haviuawi. Maji yakipungua katika sufuria, madini yanabaki yote. Vile vile kwa lengalenga na matembele: kuosha majani kunatoa vumbi la juu, hakutoi kile ambacho muzizi umekwisha kunywa. (Tuliulizwa kama maji haya yanafaa kwa ubatizo. Ndiyo, ni maji ya kweli. Kuyanywa ni habari ingine.)

Barua *Laudato si'* ya mwaka 2015 yahesabu maji safi kuwa haki ya kila mutu. Lakini hatuwezi kumwambia mama mukulima aache shamba, naye analisha watoto kwa shamba hilo. Tumushauri anyweshe kwa maji ya kisima kilichopimwa, kama kipo, na aache matete ukingoni.

Kule Penga Penga wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu dawa ya udongo: walitia chokaa na mboleo, wakapanda jani fupi liitwalo *Microchloa kunthii*, linalovumilia shaba. Chokaa haiondoi shaba. Inaifunga tu, isipande upesi katika mizizi, na jani linashika udongo mvua inaponyesha.