Gofu na pwani Zanzibar: Novemba ndiyo nafuu

UTEMINI, Singida – Mnunuzi wa alizeti anayepanga kwenda kucheza gofu na kuogelea Zanzibar aangalie kwanza ghala lake. Mei hadi Julai alizeti ni rahisi na kila shilingi inatakiwa kununua magunia. Julai hiyo hiyo watalii wa Ulaya hujaa kisiwani na vyumba hupanda bei. Atakayelipia hoteli wakati huo atapoteza mara mbili.

Aprili vyumba ni nafuu, lakini masika huharibu gofu, na baadhi ya hoteli hufungwa. Inabaki Novemba: mvua za vuli ni za vipindi, bei za Krismasi hazijaanza, na aliyeuza sehemu ya mzigo ana fedha mkononi.

Uwanja wa Sea Cliff, Mangapwani, una mashimo 9. Anayetaka 18 huzunguka mara mbili. Kuogelea ni bora Kendwa, kwani Paje maji yakipwa huenda mbali mno.

Nauli? Basi hadi Dodoma, treni ya umeme iliyoanza 2024 hadi Dar es Salaam, kisha boti takriban saa 2.